Kilo zako na cc za pikipiki: jinsi ya kuchagua chuma cha kwanza

Ingia duka la pikipiki Kariakoo ukiwa na mwili ulioshiba, utaonyeshwa cc 150 kabla hujavuta kiti (cc ni ukubwa wa injini). Ingia ukiwa mwembamba, hasa ukiwa mwanamke, utasogezewa cc 100 au skuta, na kitakachofuata ni kuulizwa unapenda rangi gani. Ni nadra kuulizwa unapita wapi na unabeba nini, ilhali hapo ndipo kilo zinapoanza kuwa na maana. Mtu wa kilo 95 anayezunguka Sinza na Mikocheni kwa shughuli zake hana haja ya injini kubwa kuliko mwenzake wa kilo 60 anayepandisha kutoka Mombo hadi Lushoto na abiria nyuma.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua pikipiki ya kwanza, iwe ya kwendea kazini au ya biashara. Tafuta kalamu, mizani na futi ya fundi cherehani.

Hatua ya 1: Pima mzigo wote

Usichukue zile kilo ulizopimwa zahanati ukiwa peku. Panda mizani ukiwa umevaa kama utakavyoendesha: kofia ngumu, koti, viatu vizito, mkoba wenye kompyuta ndani. Mtu wa kilo 80 huondoka nyumbani akiwa na 86 au 88. Kisha ongeza mzigo wa kila siku. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 za maji. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Abiria mkadirie kilo 70, na kama wateja wako ni akina mama wanaotoka sokoni, ongeza na kikapu.

Pikipiki zenyewe, hizi za kawaida za cc 100 hadi 150, nyingi zina kilo 105 hadi 125 zikiwa na mafuta na oili. Chukua ya kilo 120. Akipanda mtu wa kilo 60, jumla ni 180. Akipanda wa kilo 110, jumla ni 230. Kwa mwili, wa pili amemzidi wa kwanza karibu mara mbili, lakini injini inaona ongezeko la asilimia 28 tu. Sasa mpe yule mwembamba abiria wa kilo 70: jumla inafika 250. Mwembamba mwenye abiria ni mzigo mkubwa kuliko mnene aliye peke yake, na bado watu humhurumia mnene.

Ukishapata jumla yako, fungua kitabu cha pikipiki unayoitaka au soma kibati kilichobandikwa kwenye fremu, utafute uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa pikipiki yenyewe; kinachobaki ndicho unachoweza kupakia, wewe ukiwemo. Kwa pikipiki ndogo nyingi kinaangukia kati ya kilo 130 na 180 hivi. Ndiyo kusema mtu wa kilo 110 akimbeba abiria wa kilo 70 ameshagusa ukingo au ameuvuka, hata kabla ya begi. Kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, usiku wa harusi hatutakujadili hapa, hesabu yake inajieleza.

Hatua ya 2: Jua uzito unauma wapi

Kwenye tambarare, pikipiki ikishachanganya, uzito hauumi sana. Kinachoizuia kwenda kasi hapo ni upepo, na upepo hauangalii kilo, unaangalia upana na urefu wa mwili. Mtu mrefu mwembamba aliyekaa wima na koti linalopepea anaweza kupitwa na mfupi mnene aliyejikunyata juu ya tangi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia kuwa chuma chake kinafika 100 hata akiwa na abiria, usihesabu hilo kuwa ushahidi wa nguvu.

Uzito unauma kwanza pale unapoondoka. Nguvu ileile ikisukuma kilo 230 badala ya 180, kuchanganya kunapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Hilo utaliona kwenye taa za barabarani na unapotaka kulipita lori. Anayejifunza anapaswa kulijua mapema, maana nafasi iliyomtosha alipokuwa peke yake haimtoshi akiwa na mtu nyuma.

Unauma zaidi mlimani. Chukua mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 za barabara. Kuupandisha kwa kilomita 60 kwa saa, jumla ya kilo 180 inahitaji karibu nguvu za farasi 4 kwa ajili ya mlima peke yake. Kilo 230 zinahitaji 5. Kilo 300, yaani mnene wetu na abiria wake, zinahitaji zaidi ya 6 na nusu. Juu ya hizo ongeza farasi wawili hivi wa kupambana na upepo, na kiasi kingine kinachopotelea kwenye cheni na matairi. Boxer ya cc 100 injini yake inatoa farasi 8 hivi ikiwa mpya. Utaona kwamba mwembamba atapanda kwa kilomita 60, tena bila akiba kubwa, na mnene mwenye abiria hatapanda kwa mwendo huo hata akiomba dua. Atashuka gia mpaka afike 40 au chini ya hapo, ambako mlima huohuo unadai farasi 4 na nusu tu, na atafika. Pikipiki ndogo haishindwi mlima moja kwa moja. Inaupanda polepole ikiunguruma kwa gia ya pili, huku malori yakikupumulia mgongoni.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hana sababu ya kulikumbuka: mwinuko wa mahali. Hewa ikiwa nyepesi, injini inayovuta hewa ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, Arusha 1,400, Nairobi karibu 1,800. Farasi 12 wa Boxer 150 ukiwafikisha Mbeya wanabaki 10. Wale 8 wa cc 100 wanabaki 6 na ushee. Mtu aliyeijaribu pikipiki Temeke akairidhia, kisha akaisafirisha kwao Uyole, ataanza kumlaumu fundi kwa kabureta isiyo na kosa.

Hatua ya 3: Chagua cc kwa njia, kisha kwa kilo

Kama unakaa tambarare, iwe Dar, Tanga mjini au Unguja, na utaendesha peke yako, cc 100 au 110 inakutosha hadi kilo 85 hivi za mwili. Ni nyepesi, inasamehe makosa, na mafuta inanusa tu. Zaidi ya hapo, au ukibeba mtu mara mbili tatu kwa wiki, nenda cc 125, ambayo kwa kawaida ina farasi 10 hadi 11. Kwa maoni yangu hii ndiyo saizi ya watu wengi wanaoanza. Ina nguvu ya kutosha kukutoa kwenye hatari, na haina ya kukurusha ukikosea kuachia klachi.

Cc 150 ichukue kama una milima na abiria kwa pamoja, au mwili wako peke yake unazidi kilo 100 na njia yako ina vilima. Ukizidi kilo 120 na una safari za mashamba, angalia cc 150 hadi 200 zenye fremu na shokapu za kazi, na soma kile kibati kwa makini zaidi kuliko namba ya cc. Injini ikitosha na fremu isitoshe, umenunua tatizo lenye kasi.

Kulinganisha cc na cc pekee kunadanganya. Boxer 150 kwa kweli ina cc 144.8, na TVS HLX 125 ina 124.5, hakuna aliyeibiwa, ndivyo namba zinavyozungushwa. Cha kuangalia kwenye karatasi ya vipimo ni nguvu ya kuvuta, ile inayoandikwa kwa Nm, na inapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi kwa dakika. Pikipiki mbili zenye farasi sawa, ile inayotoa nguvu yake ya kuvuta kwenye mizunguko 5,000 itambeba mzito kwa utulivu kuliko inayongoja 7,500.

Kumbuka na leseni. Tanzania, daraja A1 ni la pikipiki zilizo chini ya cc 125. Juu ya hapo ni daraja A. Ukinunua 150 hakikisha mafunzo na mtihani wako vinaendana nayo, maana trafiki akikusimamisha hatajali kama ulipandishiwa cc kwa ajili ya mwili.

Hatua ya 4: Miguu ifike chini

Kwa mtu mwepesi, urefu wa siti una uzito kuliko nguvu za injini. Vaa viatu vyako vya kuendeshea, simama ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Pikipiki nyingi za mjini zina siti ya sentimita 78 hadi 82. Za mashambani, zile zenye shokapu ndefu na matairi ya meno, huanzia 83 na kuendelea. Kipimo chako kikiwa 76, bado unaweza kuendesha siti ya 80, kwa sababu siti inabonyea na shokapu zinashuka. Lakini mtu wa kilo 50 haishushi sana, na hapo ndipo wafupi wepesi wanapoumia mara mbili: siti iko juu, na wao hawana uzito wa kuileta chini. Ukikaa, angalau vidole na nusu ya nyayo za miguu yote miwili viguse ardhi.

Jaribu pia kuisukuma pikipiki kinyumenyume kutoka kwenye kijishimo, injini ikiwa imezimwa. Huwezi? Chagua nyepesi zaidi, hata kama kaka yako anasema utazoea.

Hatua ya 5: Rekebisha shokapu za nyuma

Kazi hii haigharimu hata shilingi, na bado pikipiki nyingi huuzwa na kuendeshwa mpaka zinachakaa bila mtu kuigusa. Shokapu huja kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mtu wa wastani ambaye huenda si wewe.

Weka stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani. Chagua sehemu mbili: katikati ya ekseli ya nyuma, na alama juu yake kwenye bodi, wima kabisa, kipande cha solotepu kinatosha. Pima. Tuseme umepata sentimita 52. Shusha pikipiki, kaa ukiwa na nguo zako zote za safari, miguu juu ya vikanyagio, mwenzako akushikie usukani kwa mbele. Jibonyeze mara mbili uache ijitulize. Wa tatu apime tena palepale. Tuseme sasa ni 47. Pikipiki imeshuka sentimita 5 kwa kukaa tu, na kama shokapu zake zina safari ya sentimita 10 hivi, nusu imeshaliwa kabla hujakutana na shimo. Unataka ishuke karibu theluthi moja, yaani sentimita 3 au 3 na nusu.

Chini ya springi kuna pete yenye ngazi, kwa kawaida tano. Zungusha kwa spana yake ya ndoano kuelekea ngazi ya juu, na hakikisha kushoto na kulia ziko ngazi ileile, kisha pima upya. Fundi atakwambia, "Bosi, kwa mwili huu weka ya mwisho tumalize." Mwambie apime kwanza. Kama umefika ngazi ya mwisho na bado inashuka zaidi ya sentimita 4, springi ni laini kwako na dawa ni kununua shokapu ngumu zaidi. Usikubali kuchomelewa kipande cha chuma ili isishuke: kishindo chote kitahamia kwenye fremu na kiuno chako.

Mwepesi naye asijione yuko salama. Ikishuka chini ya sentimita 2 kwenye ngazi ya chini kabisa, tairi la nyuma litakuwa linarukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Ngazi ya kwanza, na upepo sahihi wa tairi, ndivyo alivyo navyo. Abiria akipanda, ngazi inabadilika. Kwa mwenye biashara ya bodaboda, panga kwa uzito wa mkiwa wawili, kwa kuwa ndivyo siku nzima inavyokwenda.

Hatua ya 6: Soma tairi

Ubavuni mwa tairi la nyuma utaona maandishi kama 3.00-17 50P. Ile 50 ni fumbo la uzito: tairi hilo linabeba hadi kilo 190 likiwa na upepo kamili. Ikiandikwa 47 ni kilo 175, ikiandikwa 56 ni kilo 224. Rudi sasa kwa mnene wetu na abiria. Nusu na ushee ya uzito wa pikipiki iko nyuma, kiasi cha kilo 66. Theluthi mbili na zaidi za mwendeshaji zinakaa nyuma, 77 hivi. Abiria karibu wote yuko juu ya ekseli, tuseme 68. Jumla 211. Tairi la 50 limezidiwa. La 56 linatosha. Bei ya matairi hayo mawili haipishani kwa kiasi cha kukufilisi, ila uliza kwa namba, usiombe tu "tairi gumu".

Upepo ufuate kitabu. Boxer, kwa mfano, hupangiwa psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi kabla tairi halijapata moto. Wale wanaojaza 45 "ili libebe" wanapunguza eneo la mpira linalogusa lami, na mvua ya masika itawaonyesha.

Hatua ya 7: Kabla ya kukimbilia injini kubwa, fikiria sproketi

Ikiwa una pikipiki tayari na inasota mlimani, kuna tiba ya bei ndogo. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, tairi linapata asilimia 7 zaidi ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia. Ukipunguza meno ya mbele kuwa 13 unapata karibu kilekile, ila sproketi ndogo inaikunja cheni zaidi na kuichosha, kwa hiyo anza na ya nyuma. Gharama yake ni kwamba kwenye tambarare injini italia zaidi kwa mwendo uleule na mafuta yatapanda kidogo. Kwa mtu mzito wa Lushoto, biashara nzuri. Kwa mtu mzito wa Dar, hapana.

Hatua ya 8: Jaribu breki na uzito wako halisi

Pikipiki yenye jumla ya kilo 300, ikisimama kutoka kilomita 60, inageuza kuwa joto nguvu ambayo ni mara 1 na theluthi mbili ya ile ya kilo 180. Joto hilo lote linaingia kwenye ngoma au diski ileile. Mara moja si tatizo. Tatizo ni kushuka mteremko mrefu huku umebana breki: ngoma inachemka, breki inalegea, unabana zaidi, inalegea zaidi. Ukiwa mzito au mnabebana, breki ya diski mbele ni kitu cha kulipia. Shuka kwa gia uliyopandia, injini ikushikilie. Ile tabia ya kuweka fri ili kubana mafuta ni ya kuacha kabisa.

Kwenye jaribio la dukani, usimtume kijana wa kilo 55 akuendeshee huku wewe unaangalia. Endesha mwenyewe, na kama hujaweza bado, mtafute mtu wa mwili wako. Pandisha kilima kwa gia ya tatu kutoka kilomita 30, usikilize kama injini inagonga au inavuta. Kama ni ya mkononi, chuchumaa nyuma: oili inayovuja kwenye shokapu, spoku zilizolegea au zenye milio tofauti ukizigonga kwa bisibisi, rimu iliyopinda, nyufa pale keria inapounganishwa na fremu, na tairi la nyuma linalocheza ukilisukuma kushoto na kulia, dalili kuwa bushi zimekwisha. Yote hayo ni maandishi ya uzito iliobebeshwa na mwenye nayo wa kwanza.

Wiki za mwanzo endesha peke yako. Siku ya kwanza kubeba mtu, chagua uwanja wa mpira au barabara tulivu, umwambie ashike kiuno chako na asiegemee kinyume kwenye kona. Ondoka, simama, geuka polepole, rudia. Utaona usukani umekuwa mwepesi, hasa unapopanda, kwa sababu uzito umehamia nyuma na tairi la mbele limepunguziwa mzigo.

Ukirudi, kagua cheni mkiwa mmekaa wote wawili, mtu wa tatu aijaribu kwa kidole katikati. Shokapu zikishuka cheni hukaza, na ile iliyoachiwa sentimita 3 za kucheza ikiwa juu ya stendi inaweza kukutwa imekazika kama waya. Ikiwa hivyo, legeza hadi icheze kidogo mkiwa juu yake, kaza nati ya ekseli, kisha uhakikishe tairi limekaa sawa kwa alama za pande zote mbili.